Herufi Yenye Mtoto

Hamisi Njou tulimzika Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Jioni hiyo nikawekewa kiti mbele ya chumba namba sita, mimi mzee niliyebaki peke yangu kati ya watu wa chumba kile, ili nipokee waliokuja kutoa pole. Chumba chenyewe kilikuwa wazi. Milango ya laini nzima, hizi nyumba ndefu za wafanyakazi wa reli, ilikwisha kung'olewa na wenyewe, kwa maana wakubwa wa mji wameandika X nyekundu ukutani tangu mwezi uliopita, na kila mtu anajua maana yake. X ya siku hizi haimdanganyi mtu. Hata mjukuu wa Hamisi, ambaye hajaanza shule, alinionyesha kwa kidole akasema, "Babu, pale ni pa kubomolewa." Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, umesoma vizuri. Kisha Zaituni, binti yake Hamisi, akatoka ndani amekumbatia mlango wa zamani wa mbao tatu za mninga, ambao baba yake aliufanya meza miaka yote hiyo. Akauegemeza ukutani karibu yangu. "Babu Darasa," akasema, "baba alituachia neno kwamba huu ni wako. Alisema ukija, upewe." Niliuangalia upande wa mbele mara moja tu. Nikaomba waugeuze, uso wake uelekee ukutani.

Darasa si jina langu. Ni jina nililopewa mwaka ule niliofika Singida mjini kutafuta kazi, wakati wa Mwingereza, reli ilipokuwa bado inafika mpaka huku kwetu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne Kiomboi, na katika Mtaa wa Majivu elimu hiyo ilikuwa kama taa. Mtaa uliitwa hivyo kwa sababu majivu ya treni yalimwagwa pale, nyuma ya stesheni, na sisi makuli wa ghala tulipanga katika nyumba za tembe zilizosongamana juu yake. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, paa lake bapa nalo la udongo, na zile za Majivu zilishikana ukuta kwa ukuta hata ukikohoa kwako, jirani anakujibu "pole." Barua zikija, mimi ndiye niliyezisoma. Alama za magunia ya karanga na ngozi, mimi. Tangazo likibandikwa mtini, walinisukuma mbele: "Mpisheni Darasa! Darasa, linasemaje?" Nami nikasoma kwa sauti, kifua mbele. Nilikuwa kijana wa kucheka ovyo, mwenye ndoto nyingi. Usiku wa kwanza tu nilimwambia Hamisi kwamba mimi nitakuwa karani, nitavaa viatu, nitamjengea mama yeyote atakayenipikia nyumba ya bati. Hamisi akasema, "Anza kwa kuosha miguu."

Mama aliyetupikia ndiye mwenye nyumba, Mama Mkumbo. Alikuwa Mnyiramba kama mimi, mfupi, mkavu, mwenye mikono inayonuka moshi na mlenda. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, imejitenga kidogo na zile nyingine, na aliipiga udongo upya kila mwaka baada ya mvua kwa mikono yake. Ndani ilikuwa na vyumba viwili tu. Cha kwanza tulilala mimi na Hamisi, na cha pili kilikuwa jikoni, stoo na mahali pake pa kulala. Mpaka leo nikifumba macho naviona: mawe matatu ya jiko, chungu cha maziwa mgando kimefunikwa kwa ungo, paka wa kijivu juu ya kinu, na mwanga unaoshuka kutoka kwenye tundu la moshi kama kamba. Tulikula ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, wote watatu sahani moja. Huko mjini wanawake wengine waliwatengea wapangaji wao. Yeye alisema hajui kula peke yake.

Mlango ule wa mninga uliuzidi uzuri mtaa mzima. Mwanawe Mkumbo aliuchonga mwenyewe, akaupachika, na siku ya pili akaondoka na makundi ya watu waliokwenda kukata mkonge Tanga. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya mimi kufika. Hakuleta barua; hakujua kuandika, na kwa mawazo ya mama yake hakukuwa na haja, kwa sababu mtu anayejua nyumba ya kwao hana haja ya barua. Watu walimshauri arudi kwao Iramba, akalime na ndugu zake. "Niende?" alisema, huku akipuliza moto. "Na Mkumbo akija, atapiga hodi wapi?" Neno hilo nililisikia mara nyingi hata nikalizoea, kama mtu anavyozoea mlio wa treni. Yeye hakulizoea. Kila jioni, mlango ukibishwa, aliacha mwiko ndani ya chungu kabla hajajibu "karibu."

Basi mwaka ule kukawa na hofu ya tauni. Ilisemekana panya wanakufa katika maghala, na kwamba wakubwa wameamua tembe za Majivu zivunjwe, kwa vile mapaa yale ya udongo ni viota vya panya, na wafanyakazi wajengewe nyumba safi. Hilo la pili tuliliona kwa macho. Ng'ambo ya reli mafundi walianza kuinua nyumba ndefu za matofali zenye bati, chumba baada ya chumba, namba baada ya namba. Ndiyo laini hii. Jumapili tulikwenda kuitazama kama watu wanaokwenda kutazama bibi harusi. Hamisi aligonga ukuta kwa ngumi akasema, "Huyu panya wa kutoboa hapa labda awe na cheti cha ufundi." Lililosemekana la kwanza, la kuvunjwa, kila mtu alilisikia kwa sikio lake. Wengine walisema zitavunjwa zote, wengine zile mbovu tu, wengine walisema ni maneno ya walevi.

Asubuhi moja akaja Bwana Afya, Mzungu mwembamba mwenye soksi ndefu, pamoja na mtu aliyebeba kopo la lami na brashi. Waliingia kila nyumba, wakainua vitanda, wakachungulia mapaa. Wakitoka, Bwana Afya anasema neno moja, na yule wa lami anachora alama mlangoni: mviringo uliokatika upande mmoja, mweusi, mkubwa kama sinia. Hawakueleza kitu. Walipofika nyumba ya mwisho, ya Mama Mkumbo, Bwana Afya alitazama ukuta uliopigwa udongo mpya, akamtazama paka juu ya kinu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Mlango wa mninga ukabaki mtupu.

Hawajapotea machoni, watu wamenizunguka. "Darasa! Linasemaje?"

Laiti ningesema sijui. Neno fupi namna hiyo, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa sijawahi kulisema mbele za watu, na macho yote yale yalinitazama kwa imani. Nikasogea kwenye mlango wa kwanza, nikaifuata ile alama kwa kidole bila kuigusa. "Hii ni C," nikasema. Sasa, mwalimu wetu wa Kiomboi alitufundisha kwamba katika Kiswahili herufi hii haitembei peke yake. Ni lazima ishikwe mkono na h, ndipo itamke: cha, che, chi. Sikufikiri hata kidogo kwamba yule Mzungu alikuwa akiandika kwa lugha yake. Kwangu mimi kuandika kulikuwa Kiswahili. Nikaona tu kwamba mtu wa lami alikuwa na haraka, ameiacha h. Cha... cha nini? Nikatazama ng'ambo ya reli, bati lile jipya linang'aa kwa jua, na moyo wangu ukanijibu kabla ya akili. "Ni Chaguliwa," nikatangaza. "Nyumba hii imechaguliwa. Watu wake watapewa chumba kule."

Vigelegele vilipigwa mpaka stesheni wakatoka kutazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele pamoja nao.

Jioni ile Mama Mkumbo alipika lakini hakula. Mwanamke jirani, Mwanaidi, muuza pombe mwenye ulimi wa pilipili, alipita mlangoni akisema, "Haya, mwenye mlango mzuri! Bwana Afya amekupenda hata amekusahau?" Wakacheka huko nje. Mama Mkumbo akacheka nao kidogo, kwa adabu. Kisha akaniuliza taratibu, kwa Kinyiramba, kama mtu anayeuliza habari ya aibu, "Mwanangu, mimi nimekosa nini? Nyumba yangu ndiyo safi." Nikasema huenda wameruka kwa bahati mbaya. "Majirani wote wakivuka reli," akasema, "Mkumbo akija, nani atamwonyesha nilipo? Nitabaki mimi na majivu." Hamisi akatia neno: "Mama, kubaki kwako ndiyo hodi yake. Tulia." Hamisi hakuwa amesoma hata siku moja. Nilimkemea. Nikamwambia asimvunje mama moyo.

Wiki nzima nilingoja Bwana Afya arudi nimweleze. Wakasema amekwenda Sepuka kukagua huko. Ikafika Jumapili. Mama Mkumbo akaenda kanisani, Hamisi akalala, nami nikachukua kibati cha lami niliyoikwangua kwenye pipa la karakana ya stesheni, nikaiyeyusha kwenye jiko lake mwenyewe, juu ya mawe yale matatu, nikafunga kitambaa kwenye kijiti. Nilikuwa nikiimba. Nikaichora C, nzuri kuliko za yule mtu wa Bwana Afya, ya mviringo safi. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikaona haijatulia. Iko peke yake. Nilimsikia mwalimu wangu waziwazi. Nikaongeza h, ndogo, upande wa kulia. Ch. Sasa ilikuwa imeandikwa sawasawa, na niliona fahari ya kuwa nimemsahihisha hata Mzungu.

Aliporudi kutoka kanisani alisimama mbele ya mlango, kitabu cha nyimbo kifuani. Aliweka kiganja chini ya lami bila kuigusa, kama anayepima joto la mgonjwa. Halafu akaita, "Mwanaidi! Njoo uone! Wamekuja!" Mwanaidi akaja, akatazama, akatafuta kasoro mpaka akaipata. "Mbona yako ina mkia?"

"Huo si mkia," akajibu Mama Mkumbo. Alikuwa na tabasamu ambalo sikuwahi kuliona. "Yenu ni ya mtu mmoja. Yangu ina mtoto pembeni."

Kwa muda wa miezi miwili hivi ile nyumba ilikuwa na furaha, na ni hiyo furaha ninayoshindwa kuisamehe. Shida nyingine tulizokuwa nazo sizikumbuki vizuri. Nakumbuka yeye akipanga kwa sauti, anakoroga mlenda: chungu kitakaa pale, kinu pale, mlango wangu sitauacha, nitawaomba waupachike huko huko, kwa sababu Mkumbo anaujua. "Kama hajui namba, mlango anaujua." Alianika majani ya mlenda paa zima, akiba ya kuhamia. Nami nilikuwa nakula na kuongeza: utapata dirisha, mama, utapata sakafu ya saruji.

Zikaja siku za upepo, zile za kiangazi ambapo Singida nzima inakuwa vumbi na baridi. Tukaitwa stesheni kwa majina. Kila mwenye kipande, ile kadi ya kazi, akapewa namba ya chumba, watu wanne kila chumba. Mimi na Hamisi tukapata sita. Niliuliza, kwa heshima, akina mama wenye nyumba wamewekwa wapi. Karani akaniangalia kama aliyesikia mzaha. "Laini ni ya wafanyakazi. Mwanamke asiye na mume mwenye kipande hana laini. Wao warudi vijijini kwao." Nikatoka pale kurudi Majivu. Hata wakati huo, niamini usiniamini, nilijiambia kwamba watu waliochaguliwa watakuwa na orodha yao nyingine.

Nilipofika Majivu nyapara alikwisha kufika, mtu mrefu mwenye koti, na vijana wake wenye mitaimbo na sururu. Nyumba nne za mwanzo zilikuwa chini. Wanawake walikuwa wanapiga kelele, wanavuta vyungu kutoka kwenye vumbi, na Mwanaidi alikuwa amemshika nyapara koti: "Hii imechaguliwa! Huoni alama? Imechaguliwa!" Nyapara akajitoa. "Nani amekwambia? Hiyo ni herufi ya kwanza ya neno la Kizungu. Maana yake nyumba imehukumiwa. Yenye alama inavunjwa, isiyo na alama inabaki. Ndiyo amri niliyopewa, sina nyingine." Akasema hivyo bila ukali. Alikuwa amechoka.

Wakaenda mlango kwa mlango hadi wa mwisho. Mama Mkumbo alikuwa amesimama mbele yake, amejifunga khanga kiunoni, mikono ameiweka nyuma imeshika mninga. Nyapara akaitazama alama, akainama, kisha akacheka. Kicheko cha kweli, cha mtu aliyeona kioja. "Hii nayo! Nani ameongeza h?"

Mama Mkumbo akatafuta kwenye watu mpaka akaniona. Hakujua bado. Macho yake yalikuwa na imani ile ile ya siku ya kwanza. "Darasa," akaita, "njoo mwanangu. Msomee bwana. Mwambie yangu ni tofauti."

Kulikuwa na la kusema, nalo lilikuwa rahisi: bwana, nyumba hii haikutiwa alama, aliyeandika ni mimi. Lakini lami ilikuwa ya stesheni. Ningenyang'anywa kipande, na chumba, na labda ningefungwa. Hamisi, aliyekuwa kando yangu, akanikanyaga mguu. "Nyamaza," akanong'ona, "utatupoteza wote." Sisemi kwamba yeye ndiye aliyenizuia. Mguu wake ulikuwa mwepesi, ningeweza kuuondoa. Nilitazama chini, kwenye majivu.

"Sijui, mama," nikasema. "Mimi sijui kusoma."

Watu wa Majivu waligeuka kunitazama. Ndilo neno ambalo miezi miwili nyuma lingeiokoa nyumba hii, na nikalisema siku hiyo. Mama Mkumbo alinitazama, akaitazama ile h ndogo, akanitazama tena vidole, na nikaona anaelewa. Ilikuwa kama kumwona mtu akipokea habari ya msiba: uso hauanguki mara moja. Hakunitaja. Angeweza kuninyooshea kidole tu na kuikomboa nyumba yake. Akamwambia nyapara, "Basi niachie mlango." Nyapara akaamuru ung'olewe taratibu. Ndipo paa likashuka, pamoja na mlenda wote uliokuwa juu yake, na paka akatoka mbio tusimwone tena.

Alinipita karibu, mlango kichwani, akasema kwa Kinyiramba, polepole, "Kumbe ni wewe uliyenichagua."

Hakwenda Iramba. Tulisikia yuko Mkiwa, kwenye njia panda, kwa sababu mtu yeyote atokaye Tanga kwa njia ya Manyoni lazima apite pale, kwa gari au kwa miguu. Nililala chumba namba sita, juu ya sakafu ya saruji, chini ya bati, na sikupata usingizi. Mwisho wa mwaka, mvua za kwanza zilipoanza, niliomba ruhusa nikaenda. Nilimkuta kando ya barabara katika kibanda cha nyasi ambacho mbuzi angekikataa. Lakini kilikuwa na mlango wa mninga, umesimamishwa kwa mawe, umeelekea barabarani. Alikuwa amekonda, anakohoa. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Umekula?" Akanipa ugali. Tulikula sahani moja. Sikupata hata neno moja kati ya yale niliyoyapanga njiani.

Nilipoinuka niuone mlango vizuri, niligundua kwamba C haipo. Ameikwangua kwa kisu mpaka mbao ikawa nyeupe. Imebaki h peke yake.

"Mkubwa nimemtoa," akasema nyuma yangu. "Mtoto sikuweza." Akakohoa. "Hebu nisomee. Huyu akiwa peke yake, anasemaje?"

Nilitamani nimwambie tena kwamba sijui. Safari hii ingekuwa kweli, maana h peke yake haisemi kitu, ni pumzi tu. Nikasema, "Hodi, mama. Inasema hodi."

Akafikiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umesoma," akasema.

Alikufa kabla mvua hazijaisha. Hamisi ndiye aliyepata habari na kwenda Mkiwa na makuli wenzake wawili kumzika. Mimi nilikuwa nimekwisha kukimbia mji, niko Tabora, nimeshika kazi isiyohitaji kusoma. Aliniandikishia barua: hapana mtu aliyekuja kumwulizia, si siku ile wala baadaye. Reli yenyewe waliing'oa miaka si mingi baada ya hapo. Laini ya wafanyakazi wa reli ikabaki, bila reli. Na kwamba aliubeba mlango ule, akakaa nao, akala juu yake, akalea watoto wake juu yake, hilo hakuniandikia kamwe.

Jua lilikuwa limeinama Ijumaa ile, na watu walikuwa wamepungua. Nilikaa kitini, mlango uko kando yangu umegeuzia uso ukutani. Akaja mwanamume mzee kutoka mtaa wa pili, mgeni kwangu, kofia mkononi, amekuja kutoa pole. Akatafuta mahali pa kubisha. Chumba namba sita hakikuwa na mlango. Alitazama kushoto na kulia, akauona ule ubao wa mninga, akaugonga mara tatu kwa kidole kilichokunjwa.

"Hodi," akasema. "Hodi wenyewe."

Niliinuka kitini kabla sijajibu "karibu."